Tiketi iliyofungwa mara tatu

Tiketi ile, yaani taarifa ya kasoro kwenye mfumo wa kazi, niliifungua mimi, akaifunga yeye. Usiku uliofuata nikaifungua tena nikaongeza skrinishoti, asubuhi akaifunga tena. Mara ya tatu hata hakuandika kitu kipya, alichukua maneno yake yale yale ya mwanzo akayabandika: "Dada, nimejaribu, kwangu inafanya kazi." Basi. Nilivyoiona hiyo ya tatu nikafunga laptopu nikatoka nje, na kuanzia siku ile mimi na yule developa, yaani mwandishi wa programu, tukawa tunasalimiana kwa sababu ya watu tu, kazi zote tunatupiana kwenye tiketi, wiki mbili nzima, na wakati huo kati ya meza yangu na yake kuna meza moja tu.

Miaka imepita lakini ile tiketi naikumbuka kuliko hata matoleo makubwa ya programu tuliyotoa yakapigiwa makofi, na nikikaa na matesta wenzangu, sisi tunaojaribu programu kabla hazijatoka, au na madevelopa nakuta kila mtu ana ya kwake, ukimgusia tu anaanza kusimulia na unaona kabisa bado inamuuma. Kwa hiyo leo nimeamua niandike ya kwangu yote, pamoja na pale nilipokosea mimi.

Bagi yenyewe, yaani hiyo kasoro, ilikuwa hivi. Fomu ya kawaida kabisa, mtu anajaza taarifa, anabofya hifadhi, taarifa inaingia kwenye orodha ikiwa na tarehe ya leo. Sasa mi nikijaza, tarehe ilikuwa inatoka ya jana. Sio kila mara, na hapo ndo palipokuwa na shida, maana nilikuwa naona tu kwamba kuna wakati inakaa sawa na kuna wakati haikai sawa, nikaenda kuandika kwenye kichwa cha tiketi "Tarehe inakosea wakati mwingine". Hebu jiweke kwenye nafasi ya yule kaka, una tiketi nyingine kumi na mbili zinakusubiri, meneja kila baada ya saa moja anapita kuuliza toleo linatoka lini, halafu unakutana na mtu anakwambia tarehe inakosea wakati mwingine. Utaanzia wapi? Alifanya ambacho mtu yeyote angefanya, akajaza fomu mara mbili tatu, akaona tarehe iko sawa, akafunga.

Na wiki ile nilikuwa nafanya majaribio usiku tu. Mpango wa mwanzo ulisema madevelopa wana siku zao na mi nina siku zangu, ila kazi ilikuwa nzito kuliko ilivyokadiriwa, siku zao zikaingia kwenye za kwangu, na siku ya toleo ikabaki pale pale kwa sababu mteja alishaambiwa. Mchana seva ya majaribio, ile kompyuta inayoendesha programu tunayoijaribu, ilikuwa haikaliki, kila baada ya dakika kumi mtu anabadilisha kitu, unaanza kujaribu ukurasa ukifika katikati ukurasa wenyewe umeshakuwa mwingine. Usiku ndo kulikuwa kumetulia. Hii ya muda wa testa kuliwa na watu waliotangulia nadhani ndo chanzo cha ugomvi mwingi kuliko hata bagi zenyewe, kwa sababu mtu unaanza kazi ukiwa tayari una kinyongo na aliyekukabidhi, na yeye aliyekukabidhi amechoka, na kitu cha kwanza anachokipokea kutoka kwako ni habari kwamba kazi yake ina kasoro. Hata iwe imeandikwa kwa adabu namna gani.

Toleo likatoka na ile bagi ndani. Tiketi imefungwa, na tiketi iliyofungwa haimzuii mtu.

Ukafika usiku wa toleo lililofuata, tumebaki watatu ofisini, yeye, mimi na jamaa wa seva. Saa sita na dakika arobaini usiku. Napitia fomu zote kwa mara ya mwisho, nafika kwenye ile ile, nahifadhi, tarehe ya jana hiyo hapo. Safari hii sikufungua tiketi. Nikamwita, na ilinigharimu kumwita maana ndo ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha kwa siku nyingi. "Kaka samahani, naomba uje ujaze fomu moja hapa, kwa mkono wako mwenyewe." Akaja kimya kimya, akavuta kiti, akajaza, akahifadhi. Jana. Akajaza nyingine. Jana. Akainuka akaenda mezani kwake akajaza kwenye mashine yake, ile ambayo kwake inafanya kazi. Jana.

Alikaa pale akiiangalia skrini, halafu nikamwona anaangalia saa iliyopo pembeni ya skrini, halafu akasema neno moja tu: "Usiku."

Kumbe seva ilikuwa inahesabu saa kwa UTC, ile saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa zetu kwa masaa matatu, na mahali pa kuweka tarehe msimbo, yaani maandishi ya programu, ulikuwa unachukua tarehe ya seva bila kuibadilisha. Kwa hiyo kila siku kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa, sisi tumeshaingia siku mpya na seva bado iko jana. Yeye alikuwa akijaribu asubuhi akifika kazini. Mi nilikuwa nikijaribu usiku wa manane. Wote wawili tulikuwa tunasema kweli, kwake kweli ilikuwa inafanya kazi na kwangu kweli ilikuwa haifanyi, na tulikuwa tumeshaanza kuonana waongo.

Kurekebisha hakukuchukua hata nusu saa. Alivyomaliza akaniuliza, na sauti ilikuwa ya upole sio ya kugombana, "Dada, kwa nini hukuniambia ni usiku?" Nikamjibu, "Na we kwa nini hukuniuliza nilijaribu saa ngapi?" Tukanyamaza wote. Halafu akafungua ile tiketi ya zamani tukaanza kuisoma pamoja toka juu, na pale kwenye historia yake mfumo wenyewe ulikuwa umerekodi saa: imefunguliwa saa sita na nusu usiku, imefunguliwa tena saa saba na robo usiku, imefunguliwa tena saa sita na dakika hamsini. Na yeye kufunga, saa tatu asubuhi, saa tatu na nusu, saa nne kasoro. Jibu lilikuwa limekaa pale siku zote. Mi nilikuwa nasoma majibu yake kutafuta dharau, yeye alikuwa anasoma tiketi zangu kutafuta njia ya kuzimaliza, hakuna aliyesoma saa.

Kuna dada mmoja wa upande wa data alikaa siku mbili kusahihisha kwa mkono taarifa zote zilizoingia usiku kwenye zile wiki mbili. Yeye hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Hilo bado linanikaa rohoni.

Baadaye sana nilikuja kusoma habari za Therac-25 na nilisimama katikati nikashindwa kuendelea. Kwa wasioijua, hiyo ilikuwa mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, na kati ya 1985 na 1987 wagonjwa 6 huko Marekani na Kanada walipigwa mionzi mingi kupita kiasi, kuna waliokufa kutokana nayo. Sababu zilikuwa nyingi, ila kilichonishika ni yale yaliyotokea mji wa Tyler, Texas, mwaka 1986. Mwezi wa tatu mgonjwa akaumizwa, mashine ikaonyesha ujumbe wa "Malfunction 54" ambao hata mwendeshaji hakuwa na mahali pa kusoma maana yake iliyoeleweka, wahandisi wa kampuni wakaja wakaijaribu, tatizo halikujirudia, mashine ikarudishwa kazini. Mwezi wa nne ikaumiza mgonjwa mwingine, mwendeshaji ni yule yule mama. Wote wawili walikufa.

Sasa yule mama na mtaalamu wa fizikia wa ile hospitali walifanya nini, walikaa wakarudia. Alikumbuka alichokuwa amekifanya, kwamba alikosea herufi moja ya aina ya matibabu, akarudi juu akairekebisha, akaendelea kwa haraka kama alivyozoea kwa sababu kazi ile alikuwa ameifanya muda mrefu na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Wakajaribu wakajaribu mpaka ujumbe ule ukatokea tena mbele yao. Ilikuwa ni kasi. Marekebisho yakifanyika ndani ya sekunde kama 8 hivi, wakati mashine bado inapanga sumaku zake, programu haikuyashika. Na mhandisi wa kampuni alivyopigiwa simu akajaribu huko kwake, akasema tena kwamba kwake haitokei, mpaka alipoelezwa kwamba lazima uandike haraka, ndipo akaiona.

Yaani watu walioitengeneza walikuwa wanaijaribu polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayejua mashine, na mtu anayeitumia kila siku alikuwa anaiandikia kwa kasi ya mtu mwenye wagonjwa nje wanasubiri. Fomu yangu ya tarehe haikuua mtu, sizifananishi kwa uzito, ila kile kisentensi ni kile kile. Ndo maana mi siku hizi nikisikia "kwangu haitokei" sisikii tena jibu, nasikia nusu ya taarifa, maana yake ni kwamba kati ya kwako na kwangu kuna tofauti moja hatujaijua na hiyo tofauti ndo bagi yenyewe. Saa, kasi, simu ya zamani, akaunti ambayo ina miaka mitatu ya taarifa ndani wakati akaunti ya developa imefunguliwa jana na ina mistari miwili.

Kwenye timu yetu tulikuja kukubaliana kitu kimoja, na hatukukipata kwenye mafunzo yoyote, kilitoka kwenye usiku ule: hakuna kufunga tiketi kwa sababu haijirudii mpaka watu wawili wamekaa dakika kumi wakajaribu pamoja, mmoja kwenye kiti mwingine pembeni. Kama mko mbali basi simu na skrini mnaoneshana. Dakika kumi ni kitu kidogo sana ukilinganisha na tiketi inayofungwa na kufunguliwa mwezi mzima. Wapo waliosema ni kupoteza muda, na kwa kweli kuna siku mnakaa hizo dakika na msione kitu, ila hata hapo mtu anainuka akijua mwenzake hakuwa anamzushia.

Na mi nikabadilisha namna ninavyoandika. Zamani kichwa cha tiketi yangu kilikuwa kama mashtaka, "Fomu imeharibika", "Hii sehemu haifai", kuna moja niliandika "Mbona tena?" na leo ningeweza kuifuta ningeifuta. Sa hivi naandika nilichofanya, nilichokiona, nilichotegemea kukiona, halafu saa, aina ya simu, toleo gani, akaunti gani, na kama ni kitu kinachotokea mara moja moja nasema nimejaribu mara ngapi kikatokea mara ngapi. Neno "umesahau" nimelitoa kabisa. Developa aliyesahau atajua mwenyewe akisoma, na asiyesahau, ambaye alipewa maelekezo mabovu toka mwanzo, hatasoma tuhuma ambayo sio yake. Hili la pili ni la kweli zaidi ya watu wanavyodhani, bagi nyingi nilizozikuta sio za msimbo mbovu, developa kaandika sawasawa kabisa kile alichoambiwa ila alichoambiwa ndo hakikuwa sawa.

Kuna kitu kingine nataka kukisema na hiki nakisema kwa hasira kidogo. Kuhesabu. Niliwahi kufanya kazi sehemu ambayo meneja aliweka jedwali, matesta tunapimwa kwa idadi ya bagi tulizozipata mwezi ule, madevelopa wanapimwa kwa idadi ya bagi zilizokutwa kwenye kazi zao. Nadhani alikuwa na nia nzuri, alitaka kujua nani anafanya kazi. Ila ndani ya wiki chache ile ofisi ilikuwa haikaliki. Testa akikuta kosa moja linaloonekana kwenye kurasa tano anafungua tiketi tano. Developa akipata tiketi kitu cha kwanza anachofanya sio kuangalia tatizo, anaanza kubishania jina, hii sio bagi hii ni ombi jipya, hii ilikuwepo toka zamani, hii ndo ilivyotakiwa iwe. Na vitu vidogo ambavyo zamani ungemnong'oneza mtu, kaka pale kuna herufi imekosewa, akairekebisha kabla hata hujarudi kukaa, sasa vikawa siri, unavitunza uviweke kwenye tiketi vikuhesabie. Bagi ngumu, zile za kukaa nazo siku tatu unachimba, hakuna aliyezitaka tena, siku tatu kwa namba moja nani atakubali? Mi mwenyewe niliziacha. Niliziona na nikazipita, nikaenda kuokota za rahisi, kwa sababu mwezi ulikuwa unaisha.

Kwa hiyo mtu akiniambia matesta na madevelopa hawapatani kwa sababu ya tabia zao mi huwa nauliza kwanza wanapimwa kwa nini. Ukiwapa watu wawili mizani ambayo mmoja akipanda mwingine anashuka, usishangae wakisukumana.

Halafu kuna lile jibu lingine, "hakuna mtumiaji atakayefanya hivyo." Hili nalo linauma kivyake kwa sababu linakufanya uonekane kama umeenda kutafuta matatizo ambayo hayapo. Kwenye hili huwa nawasimulia watu kisa cha Margaret Hamilton, aliyeongoza timu ya programu za safari za Apollo za kwenda mwezini, pale chuo cha MIT, Marekani. Alikuwa anakuja na binti yake mdogo, Lauren, ofisini, na siku moja mtoto akawa anachezea kile kifaa cha kuigiza safari, akabonyeza bonyeza vitufe mpaka akaanzisha P01, programu ya maandalizi ya kabla ya kuruka, wakati kifaa kinaigiza chombo kikiwa tayari kiko safarini. Mfumo ukaanguka. Hamilton akaomba waongeze kinga kwenye msimbo ili hilo lisiwezekane, akaambiwa haina haja, wanaanga wamefundishwa vizuri hawawezi kukosea hivyo. Akaishia kuruhusiwa kuweka onyo kwenye maandishi, kwamba usichague P01 wakati wa safari. Desemba 1968, Apollo 8 iko angani, mwanaanga Jim Lovell kwa bahati mbaya akachagua P01, taarifa za uelekeo zikafutika, na ikabidi watu wa chini wakae masaa kadhaa kutafuta namna ya kuzirudisha.

Ninachokipenda hapo ni kwamba Hamilton alikuwa ndo mwandishi wa programu, sio testa. Aliona mtoto ameangusha kazi yake na badala ya kusema huyu ni mtoto tu hajui, akasema kuna mlango hapa umeachwa wazi. Nimefanya kazi na madevelopa wa hivyo, wapo, na sio wachache kama watu wanavyosema. Ukiwaletea kitu cha ajabu wanasogeza kiti karibu.

Mi pia kuna wakati niliomba nikae upande wa pili. Miezi mitatu niliandika msimbo, sehemu ndogo tu, ukurasa wa mtu kubadilisha taarifa zake. Nilifikiri najua madevelopa wanapitia nini, sikuwa najua. Ile siku nimemaliza, nimeijaribu mwenyewe kila upande ninaoujua, nimelala vizuri, asubuhi nafungua nakuta tiketi sita kutoka kwa testa mwenzangu ambaye ni rafiki yangu kabisa, nilihisi kifua kinabana. Ya kwanza niliisoma nikasema hajaelewa. Ya pili nikasema hajaelewa. Kwenye ya nne ndo nikashtuka kwamba yule asiyeelewa ni mimi, nilikuwa nimeacha mtu aweze kufuta jina lake akahifadhi bila jina. Mtu unaijua njia yako kwenye ule ukurasa mpaka vidole vinakwenda vyenyewe, na kwa sababu hiyo hiyo hupiti kamwe pale ambapo mgeni angepita. Sio uzembe. Ndo maana anahitajika mtu mwingine, na ndo maana mtu huyo mwingine akija anaudhi.

Toka hapo nikawa na tabia moja, kabla ya kufungua tiketi kwenye kazi mpya ya mtu naenda kwanza kumwambia kilichofanya kazi, na simaanishi kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, namaanisha naorodhesha kweli, nimejaribu hiki na hiki na hiki, viko sawa, intaneti ikikatika katikati taarifa hazipotei, safi. Testa ndo mtu pekee ambaye ameipitia kazi yote ya developa kipande kwa kipande, meneja haipitii, mteja anaona juu juu, na kama huyo mtu pekee anatoa habari za mabaya tu basi developa hatajua kamwe kama yale mazuri yalionekana na mtu.

Na bagi ikitokea huko laivu, wateja wanalalamika, simu zinalia, kuna mtu lazima aulize "hii nani aliijaribu?" Nimeulizwa hilo swali mbele ya watu na nimeona mwenzangu akiulizwa akalia. Mwanasayansi wa kompyuta Edsger Dijkstra alishasema toka 1969 kwamba majaribio yanaweza kuonyesha kuwa bagi zipo, hayawezi kuonyesha kwamba hazipo, na nadhani kila meneja angetakiwa kulisikia hilo kabla hajasimamia toleo lake la kwanza. Fomu yenye visanduku kumi, kila kisanduku na aina tano tu za vitu vya kujaza, ukitaka kujaribu michanganyiko yote ni zaidi ya milioni tisa. Testa anachagua. Anachagua kwa uzoefu na kwa alichoambiwa kimebadilika, na hapo ndo uhusiano wake na developa unapoonekana kama ni mzima au umekufa, kwa sababu developa pekee ndo anajua kwamba aligusa na ile sehemu nyingine, kwamba pale alifanya haraka, kwamba kuna kipande hakipendi na hana uhakika nacho. Kama hamuongei hatakwambia. Atanyamaza aombe Mungu usikione, na usipokiona mteja atakiona.

Ndo maana mi naamini testa aitwe mapema, siku ile ile watu wanajadili kitu kabla hata mstari mmoja haujaandikwa. Swali kama "mtu akiwa na majina matano itakuwaje" likiulizwa siku hiyo linajibiwa kwa dakika moja, likija kama tiketi baada ya wiki tatu linakuwa ugomvi. Sina mengi ya kuongeza hapo, anayepinga ajaribu mara moja tu.

Yule kaka bado nafanya naye kazi. Baada ya ule usiku alikaa akaandika jaribio la otomatiki linaloigiza saa ya usiku, linajaza fomu na kuangalia kama tarehe iliyohifadhiwa ni ya leo, na jaribio hilo akalipa jina "saa_sita_na_dakika_arobaini". Linakimbia kila mtu anapobadilisha msimbo, mara nyingi kwa siku, na kwa miaka limekuwa likipita kimya kimya mpaka wengi hawajui kama lipo. Wiki iliyopita likafeli. Kuna developa mpya, kijana, alikuwa ameandika upya sehemu ya tarehe, akawa anazunguka na laptopu mkononi anauliza hili jaribio lina jina gani hili, mbona yeye akijaza fomu tarehe inatoka sawa tu. Kaka hakumjibu, alimnyooshea tu mkono upande wangu. Kijana akaja, "Dada shikamoo, samahani, kwangu hii inafanya kazi." Nikamwitikia, nikamvutia kiti.